Kiroba cha Dagaa Kilichotembea Hadi Ujiji

MAMA REHEMA: Karibuni tena. Juzi tumerudi Tabora kwa treni kutoka Kigoma, na kabla sijagusa historia, Baba Rehema awaeleze wasikilizaji kwa nini begi langu bado limeanikwa uani.

BABA REHEMA: Nilinunua dagaa, mke wangu. Tulianzia Kibirizi, kwenye ufuko wa ziwa pale Kigoma, na mtu anayewaacha dagaa waliokauka vizuri namna ile, wanaong'aa kama sindano mpya, akitumaini kuwakuta jioni, huyo hajui soko.

MAMA REHEMA: Kilo tano, saa moja asubuhi, ilhali ratiba ilikuwa ya kutembea kwa miguu kutwa nzima! Tukafika nao stesheni, tukapanda nao barabara ya Lumumba hadi Mwanga, ambako paka wa kwanza alijiunga na msafara.

BABA REHEMA: Walikuwa wawili tu.

MAMA REHEMA: Tulipoingia Ujiji, ule mji wa kale, walikuwa wanne. Na pale kwenye mnara, mwongozaji alipokuwa akieleza kwamba mwandishi wa habari Stanley alimkuta mmishonari na mpelelezi Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871, na kwamba miembe iliyopo sasa husemwa kuwa ni kizazi cha ule wa zamani, kiroba kikapasuka. Tuliinama wote watatu, mwongozaji akiwemo, tukiokota dagaa mmoja mmoja katika majani makavu ya mwembe.

BABA REHEMA: Yote hayo yasingetokea tungebaki Kigoma, ambayo ndiyo bandari yenyewe. Reli ilifika mwaka 1914, kisha meli ya Graf von Götzen, ambayo sasa tunaiita Liemba, ikaletwa vipande vipande kutoka Ujerumani, ikaundwa pale pale na kushushwa majini mwaka 1915. Ukisimama stesheni unaona reli inavyoishia ziwani, wala huhitaji mwongozaji.

MAMA REHEMA: Wapelelezi Waingereza Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilikwisha kuizoea njia hiyo, ikipitia hapa hapa kwetu Tabora hadi pwani. Reli yako ilifuata nyayo za watu.

BABA REHEMA: Lakini pale mnarani ziwa limerudi nyuma, maji yako mbali. Bandari isiyo na maji ni bandari gani?

MAMA REHEMA: Ni ile iliyotangulia.

BABA REHEMA: Sikubali.

MAMA REHEMA: Sijakuomba ukubali.

BABA REHEMA: Tuliwaahidi wasikilizaji mambo matatu kwa wanandoa wanaotaka kuutembelea mji wa kale kwa miguu, na tumebakiwa na dakika moja. La kwanza lilihusu viatu.

MAMA REHEMA: La kwanza lilihusu mizigo, Baba Rehema, na nililiandika mwenyewe.

BABA REHEMA: Basi yatasubiri kipindi kijacho. Leo usiku unawapika kwa mawese?

MAMA REHEMA: Nitawapika wale walioponea paka.