Lenta Isiyokatika: Mhadhara kwa Mafundi Ujenzi

Ndugu mafundi, tetemeko lililoipiga Kagera alasiri ya Jumamosi, 10 Septemba 2016, lilikuwa la kipimo cha 5.9. Lile la Uturuki la Februari 2023, la 7.8, liliachia nishati mara 700 hivi zaidi, maana kipimo kikipanda kwa moja nishati huongezeka karibu mara 32. Hata hivyo, Kagera walikufa watu zaidi ya 15, nyumba zikaharibika kwa maelfu, na sekondari za Ihungo na Nyakato zikafungwa.

Chanzo kinajulikana: tawi la magharibi la Bonde la Ufa linatanuka, miamba inabeba mkazo miaka na miaka, kisha inakatika ghafla. Siku yake haitabiriki. Basi tuzungumzie ukuta.

Ardhi ikitikisika kwenda na kurudi, ukuta unaosukumwa ubavuni hutaka kuanguka nje, na ule uliokutana nao kwenye kona hukataa kumfuata mwenzake. Hapo kona hupasuka, kuanzia juu. Tofali za kuchoma zilizojengewa udongo hazishikani. Ile pembetatu ya ukuta chini ya paa mara nyingi ndiyo hutangulia kuanguka, kwa kuwa juu haina kinachoizuia.

Kinga yake ni lenta, yaani mkanda wa zege lenye nondo, inayozunguka nyumba nzima, si vipande juu ya milango na madirisha. Kwa nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, nondo mbili za milimita 12, na ringi za kuzifunga, za milimita 6, kila baada ya sentimita 15. Sasa tazameni kona, maana ndipo kazi inapoharibiwa: nondo za ukuta huu zinaishia pale, za ule zinaanzia pale, zege linafunika aibu. Nondo ikunjwe, ipite kona, iingie ukuta wa pili walau sentimita 60, ilale sambamba na nondo ya huko na ifungwe kwa waya. Iinuliwe kwa vipande vidogo vya zege. Ikilala juu ya tofali itashika kutu. Zege limwagiliwe maji siku saba. Dirisha likae sentimita 60 au zaidi kutoka kwenye kona. Paa la miteremko minne ni salama zaidi. Anayeng'ang'ania pembetatu aifunge kwa mkanda wa zege unaofuata mteremko wa paa.

Tetemeko likishapita, tokeni nje, zimeni meinswichi na gesi, na msilale ndani ya nyumba yenye nyufa: mitetemo mingine hufuata. Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa tetemeko ukizibwa kwa plasta unafichwa tu. Bandueni plasta kwanza. Ufa mwembamba wa plasta pekee hauna neno. Ufa wa mshazari uliokata tofali zenyewe, au kona iliyoachana, huo ni wa kuitiwa mhandisi. Shusheni timazi, ile kamba yenye uzito nchani, kutoka juu ya ukuta. Ukiwa umeinama waziwazi, ubomolewe kozi kwa kozi, yaani mstari mmoja wa tofali baada ya mwingine, kuanzia juu, na mtu asisimame upande ulikoinamia.