Kauntabuku Imerudi Mezani

BARASA: Haya karibuni tena, tuko Kisumu, mvua imetuachia kidogo. Leo Akinyi ameingia hapa hajasalimia mtu, ameweka begi chini akasema "imerudi". Dada, imerudi nini?

AKINYI: Kauntabuku! Wale wa siku nyingi mnaijua, ile nyeusi ya kuandika hesabu za chama chetu cha Manyatta. Si niliwaambia tumehamia kwa simu, michango, mikopo, faini, zote ziko kwa programu? Miezi nane tukaenda hivyo. Sasa Jumamosi nafika nimechelewa juu ya mvua, napata mweka hazina ameifungua mezani, rula hapo, biro hapo, akina mama wamepanga laini, na hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi.

BARASA: Na programu?

AKINYI: Iko. Hakuna aliyeifuta.

BARASA: Basi mlikosea siku ya kwanza. Hiyo kauntabuku mngeichoma.

AKINYI: Kuchoma rekodi za watu, Barasa?

BARASA: Eeh. Hata Michuki, yule aliyekuwa waziri wa uchukuzi...

AKINYI: Nilijua! Hatuwezi kumaliza kipindi bila Michuki.

BARASA: Juu jibu liko pale! Februari 2004, matatu zilikuwa zinabeba watu kama magunia, sheria ikaanza siku moja tu, abiria 14, kila kiti na mshipi, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, laini ya njano ubavuni, dereva na makanga wavae sare. Gari ambayo haijatimiza ilibaki nyumbani, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na hakuna aliyeitiwa semina kwanza akubali moyoni. Ikashika.

AKINYI: Ikashika mpaka lini? Leo umekuja na nini?

BARASA: Matatu, kutoka Kondele.

AKINYI: Mlikuwa wangapi ndani?

BARASA: Kumi na saba.

AKINYI: Na mshipi?

BARASA: Wangu ulikuwa umekatika ile sehemu ya kuingiza. Lakini laini ya njano iko.

AKINYI: Rangi ndiyo imebaki.

BARASA: Imebaki hivyo juu watu waliacha kusukuma. Michuki alipotoka wizara ya uchukuzi mambo yakaanza kulegea pole pole, makanga akaongeza mmoja, polisi akanyamaza, kesho yake wawili.

AKINYI: Basi hayo hayakuwa mabadiliko, huyo alikuwa mtu amesimama mlangoni, akienda kula tu watu wanaingia.

BARASA: Mabadiliko yote ni mtu amesimama mlangoni! Angalia mifuko ya plastiki, ikapigwa marufuku Agosti 2017, faini mpaka shilingi milioni 4 ama jela, na leo ukienda supamaketi huipati.

AKINYI: Supamaketi, sawa. Twende Kibuye Jumapili. Mama wa omena anaangalia huku na huku, anatoa kale kamfuko chini ya meza, juu omena yenye maji utaitia kwa karatasi ya nini? Na kwa nini hutaji 2014, waliposema nauli ilipwe kwa kadi? Ni serikali hiyo hiyo, na magari ni hayo hayo.

BARASA: Walisogeza tarehe. Wangekaza.

AKINYI: Wangekaza nini? Makanga anahitaji pesa mkononi, ya mafuta, ya kuosha gari, na yake ya jioni. Ile kadi haikufanya kazi ya ile noti. Na kauntabuku ni hivyo hivyo. Nilimuuliza mweka hazina, hakunijibu, alinigeuzia tu ukurasa. Kuna nyanya yetu mmoja, anaweka kidole kwa jina lake, anashuka nacho mpaka kwa mwezi huu, halafu, na hii sikuwa nimewahi kuiona miaka hiyo yote, anapandisha kidole kwa jina la jirani kuona kama na yeye ametoa. Ndiyo anaketi. Kwa simu alikuwa anaona yake peke yake.

BARASA: Hiyo ni mazoea tu. Kuna utafiti ulifanywa London, watu walipewa kitu kidogo cha kufanya kila siku, kwa wastani ilichukua siku 66 kikawa mazoea, kuna wa siku 18, na wengine hesabu ilifika 254. Mngevumilia.

AKINYI: Kila siku, umesema. Sisi tunakutana mara moja kwa mwezi! Miezi nane ni mara nane. Kufika 66 ni miaka mitano na nusu, na hapo katikati utakuwa umezika watu na umepokea wapya.

BARASA: ...Hiyo hesabu sikuwa nimeipiga. Lakini si ndiyo sababu mngeichoma? Kama kitabu hakipo, mara nane zingetosha.

AKINYI: Kitabu kisipokuwepo, nyanya hangekuja.

BARASA: Angekuja. Pesa yake iko hapo.

AKINYI: Angekuja kuitoa.

BARASA: Hapana, hapo sikubali.

AKINYI: Na mimi sikubali.

BARASA: Na tumebakisha dakika mbili, prodyusa anatuonyesha vidole pale kwa kioo. Tulikuwa na mambo matano ya kuwaambia viongozi wa vyama na saccos, nilikuwa nimeyaandika...

AKINYI: Hatujagusa hata moja. Weka.

BARASA: Wiki ijayo basi. Jumamosi mnakutana?

AKINYI: Tunakutana, tumeitana kikao cha ziada. Naenda mapema, nataka kukaa karibu na huyo nyanya nimuulize, kama jina la jirani lingekuwa kwa simu yake, kwa maandishi makubwa, kidole angekiweka hapo?

BARASA: Muulize pia kuhusu kuchoma.

AKINYI: Hilo utakuja umuulize mwenyewe.