Kabla Hujailaumu Pampu

Mhadhara kwa waendeshaji na mafundi wa trekta ndogo za bustani, Diani, pwani ya Kenya

Hamjambo wenzangu. Sogeeni huku kivulini, maana sauti yangu haiwezi kushindana na upepo huu wa kaskazi. Mlio nyuma mkinisikia nusunusu, pigeni kelele.

Trekta hii imeletwa kwangu juzi ikiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye usukani, maneno mawili tu: "Pampu imekufa." Dalili yake ni hii. Pedali ya kwenda mbele ukiikanyaga inashuka sawasawa. Ukiondoa mguu, inabaki palepale, na trekta inaendelea na safari zake. Mwenyewe alikuwa ameshaulizia bei ya pampu nzima. Bei hiyo sitaitaja, tumetoka kunywa chai sasa hivi na nisingependa iwatoke.

Tutaifungua pamoja. Lakini kwanza tuelewane mguu wako unafanya nini hapo chini, maana wengi wetu tumejifunzia kwenye trekta za klachi, na mazoea yale yanatudanganya kwenye hizi za haidrostatiki.

Hapa injini inazungusha pampu, pampu inasukuma oili, oili inazungusha mota, na mota inapeleka nguvu kwenye magurudumu. Ndani ya pampu kuna pistoni, mara nyingi tisa, zimepangwa kwa duara, na miguu yake inateleza juu ya sahani ya chuma. Sahani ikikaa sawa bila kuinama, pistoni zinazunguka bure, hazisukumi kitu. Ikiinama kidogo, kila pistoni inaingia na kutoka kidogo, trekta inatambaa. Ikiinama sana, mwendo unaongezeka. Ikiinama upande wa pili, oili inageuza njia na trekta inarudi nyuma. Kazi yote ya pedali ni kuinamisha sahani hiyo, na kazi yote ya springi ni kuirudisha katikati.

Msidhani ni mambo ya jana. International Harvester ya Marekani ilikuwa na trekta ya majaribio ya namna hii mwaka 1961, HT-340, tena yenye injini ya tabaini kama ya ndege. Mwaka 1967 wakauza 656 ya haidrostatiki kwa wakulima wa kawaida. Kilichobadilika ni kwamba sasa imekuwa ndogo hadi inapita kati ya minazi ya hoteli.

Sasa lishikeni hili. Sahani ikirudi katikati, oili haina pa kwenda, na magurudumu yanashikwa. Ndiyo maana waendeshaji wa hizi trekta hawagusi breki siku nzima: wanaondoa mguu, trekta inasimama. Kwa hiyo pedali inayonata ni breki inayokataa. Mwendeshaji akikwambia "inanata kidogo tu, nimeizoea", mnyang'anye ufunguo. Mimi nilimwacha mmoja amalizie uwanja kwa sababu zilibaki nyasi za nusu saa. Aliongoza trekta hadi ukutani, mguu wake ukiwa hewani. Yeye hakuumia, ukuta uliumia, na mimi ndiye niliyelipa mwashi.

Ikikutokea ukiwa juu ya kiti, kanyaga breki. Kwenye baadhi ya trekta ndogo breki imeunganishwa na pedali ya mwendo na huivuta irudi katikati. Isipovutika, zima injini kwa ufunguo. Pampu isipozunguka haisukumi oili. Usiiname kuivuta pedali kwa mkono trekta ikiwa inatembea. Kichwa chako kitakuwa chini wakati macho yanahitajika juu.

Haya, tuingie kazini. Injini imezimwa, ufunguo uko mfukoni mwangu, siyo kwenye swichi. Deki ya visu nimeishusha chini. Matairi nimeyatia kabari mbele na nyuma, kwa sababu breki ya mkono ya trekta ambayo fimbo zake zinashukiwa, na yenyewe ni ya kushukiwa.

Kabla ya spana yoyote, angalieni sakafu. Mkeka huu wa mpira haukuja na trekta, umekatwa kutoka kwenye mkeka wa gari. Ukingo wake umejikunja chini ya pedali. Nimeutoa. Pedali bado inanata, basi haukuwa peke yake, lakini nimeshaona trekta mbili zilizopona hapohapo kwenye mkeka. Sasa ingiza mkono chini ya sakafu. Mnaona ninachotoa? Nyasi zilizokatwa, zimechanganyika na grisi na mchanga, zimekauka hadi zimekuwa kama tofali. Donge hili linakaa nyuma ya mkono wa pedali na kuuzuia kurudi. Lingine la kuangalia ni tundu ambamo shina la pedali linapita: trekta ikigonga kisiki, bati la sakafu hupinda, na shina likaanza kusugua ukingo. Chuma kitang'aa mahali kinaposuguliwa. Hakuna anayeficha mng'ao huo.

Tumesafisha. Bado inanata. Sasa ndipo pale mafundi wengi wanaporuka moja kwa moja hadi kwenye pampu. Mimi nafuata fimbo. Kutoka kwenye shina la pedali kuna fimbo inayokwenda nyuma hadi kwenye mkono mdogo ubavuni mwa pampu. Mkono huo umefungwa kwenye shafti fupi inayoingia ndani kuishika ile sahani. Mwisho wa fimbo kuna pini na klipu. Naomba kijana mwenye mkono mwembamba. Njoo, mwanangu. Toa klipu, uitie mfukoni usiidondoshe nyasini, halafu chomoa pini.

Hapo tumeitenganisha trekta vipande viwili: upande wa mguu na upande wa oili. Injini haiwashwi kabisa ikiwa katika hali hii, tusikilizane, kwa sababu mkono wa pampu unaweza kuwa umeinama na hakuna pedali ya kuurudisha. Sasa sukuma pedali chini kwa kiganja, halafu ivute juu. Inakuja kwa urahisi? Haiji. Shika mkono wa pampu, usogeze mbele, uachie. Umerudi katikati wenyewe, laini, hauna shida yoyote. Kwa hiyo pampu iliyoandikiwa cheti cha kifo ni nzima, na ugonjwa uko huku mbele kwenye mguu.

Angalizo hapa, kwani mchele ni mmoja na mapishi mbalimbali. Trekta hii ina springi ya kurudisha katikati kwenye mkono wa pampu. Nyingine springi imefungwa kwenye fimbo au chini ya pedali. Kwa hizo, mkono wa pampu ukiuachia hautarudi wenyewe, na hiyo haimaanishi ni mbovu. Tafuta springi iko wapi kabla hujatoa hukumu.

Upande wa mguu una washukiwa watatu. Wa kwanza ni kruzi, kile kifaa cha kushikilia mwendo ili mguu upumzike. Kuna ya meno, ambayo kishikizo hunasa kwenye meno yaliyochakaa au kikakosa springi yake. Kuna ya sumaku ya umeme, inayoachia umeme ukikatika. Kwa ya sumaku, injini ikiwa imezimwa na swichi iko mahali pa kuzima, sumaku haina nguvu. Pedali ikinata hata hivyo, sumaku haihusiki, labda uchafu kwenye sahani yake. Yetu ni ya meno na imeachia vizuri. Wa pili ni shoki, huu mtungi mwembamba unaozuia pedali kurudi kwa kishindo. Fungua ncha moja, ivute na uisukume. Inatakiwa iende taratibu bila kukwama popote. Ikikwama katikati, au ikilowa oili nje, nunua nyingine, hii haitengenezwi. Yetu iko sawa.

Wa tatu ndiye mwenyeji wetu wa pwani. Pedali imekaa juu ya shafti yake, shafti inazunguka ndani ya bushi, ile pete inayoishikilia. Hewa ya chumvi inaingia, mchanga unaingia, na kila jioni mtu anaosha trekta kwa pampu ya presha, anaipiga hapahapa kwa sababu ndipo penye matope. Maji ya presha hutoa grisi yote na kuacha maji mahali pake. Asubuhi kuna kutu. Kutu huvimba, inajaza nafasi ndogo kati ya shafti na bushi, na springi ambayo ina nguvu za kutosha kurudisha pedali haina nguvu za kusaga kutu. Nipo, yaani chuchu ya kutilia grisi, ipo hapa, chini ya rangi. Ndiyo, imepakwa rangi. Tangu trekta hii ipakwe rangi upya haijaonja grisi.

Nimenyunyizia oili ya kupenya tangu jana jioni, nikarudia leo alfajiri. WD-40 italegeza, sikatai, ila mkiishia hapo mtarudi hapa baada ya wiki mbili, kwa sababu inakauka na kutu imebaki ndani. Shafti lazima itoke. Unaitikisa mbele na nyuma, hupigi nyundo ncha yake ikachanua kama uyoga. Ikigoma, weka kipande cha shaba au mti katikati. Moto sikushauri: tangi la dizeli liko hapo, na nyaya pembeni yake.

Hiyo imetoka. Pitisheni mkono kwa mkono mwone. Rangi hii ya kahawia ndiyo iliyokuwa inakaribia kugharimu pampu nzima. Tutaipiga msasa laini hadi ing'ae, tuangalie kama imelika hadi ina bonde. Ikiwa na bonde, inabadilishwa pamoja na bushi. Hii haina. Bushi tunaisafisha, nipo tunaikwangua rangi na kuhakikisha tundu linapitisha, kisha grisi hadi ile chafu itoke yote na safi ianze kuonekana.

Kuna swali pale nyuma. Dada anasema shamba lao liko Limuru, kule kwenye baridi, na pedali inakuwa nzito asubuhi tu, jua likipanda inalainika. Hiyo ni hadithi nyingine. Oili ikiwa baridi ni nzito. Wacheni injini ipate joto kwa mwendo wa chini kabla ya kazi, na hakikisheni mmeweka oili iliyotajwa kwenye kitabu cha trekta, siyo iliyokuwa dukani siku hiyo.

Na kama kwenye kile kipimo cha pini mkono wa pampu ndio ungekuwa mgumu? Ningeangalia kwanza pale shafti fupi inapoingia, kama sili, ile ya kuzuia oili isitoke, imevuja au pana kutu. Halafu oili: ikiwa nyeupe kama maziwa, imeingiwa na maji. Filta ikiwa na vumbi la chuma, hapo ndipo pampu inazungumziwa, na inafunguliwa mezani penye usafi. Chembe ya mchanga wa ufukweni ndani ya pampu ile inamaliza kazi ambayo kutu haikuimaliza.

Turudishe. Shafti, pedali, springi, fimbo, pini, klipu. Kijana, klipu iko wapi? Ahsante.

Limebaki la kupima katikati. Jeki, stendi imara chini ya ekseli ya nyuma, matairi ya nyuma hewani, kabari kwenye ya mbele. Na hiki ndicho kitu kinachosahaulika: ondoa nguvu ya magurudumu manne, la sivyo matairi ya mbele yatakuvuta trekta ishuke kwenye stendi. Mwendeshaji akae kitini, wengine mrudi nyuma hatua kumi. Washa. Kanyaga mbele kidogo, achia.

Pedali imerudi. Lakini tazameni tairi la kulia, bado linatambaa polepole kwenda mbele. Zima. Fimbo imezidi urefu kwa uchache sana. Legeza nati ya kufungia, zungusha robo, kaza. Washa tena. Mbele, achia. Limesimama. Nyuma, achia. Limesimama. Mbele tena.

Zima, tuishushe. Ile karatasi ya usukani nipeni, niandike nyuma yake grisi itiwe lini tena.