Msalimie Nyutro: mazungumzo ya dereva mstaafu na vijana wa kozi ya magari makubwa, Makambako

Haya, mnanisikia huko nyuma? Maana hii maiki nayo kama breki za Fiat, unaishika haishiki, ukiiachia ndo inashika. (Kicheko.) Shikamooni wakubwa zangu mliopo, na nyie vijana marahaba kabla hamjanipa, nazichukua mwenyewe.

Mwalimu wenu alinipigia simu akasema mzee njoo utoe mhadhara kuhusu usalama wa mizigo mizito, nikamwambia mwanangu mimi mhadhara siwezi, mimi nina stori tu, akasema leta hizo hizo. Sasa nimekuja na hawa wazee wenzangu wawili hapa mbele, mmoja tunamwita Nyutro na huyu mwenye kofia tunamwita Shemeji, nikidanganya watanikatiza na nisipodanganya watanikatiza vilevile. Mimi wao wananiita Kitunguu. Nimeona mmecheka mapema, subirini, tutafika.

Nianze na majina, maana nyie mnadhani tulipeana majina kwa ajili ya kuchekana tu. Sisi hatukusoma kozi. Hapakuwa na darasa kama hili lenye feni na projekta, ulianza utingo, unaosha gari, unafunga turubai, unalala chini ya trela, na siku suka, yaani dereva, akichoka au akilewa ndo unashika usukani. Kwahiyo elimu yetu ilikuwa pale parking usiku, sufuria la ugali katikati, watu kumi na tano wanamcheka mmoja. Anachekwa kwanini? Kwa sababu kuna kitu alifanya barabarani akapona. Aliyekufa hatukumcheka. Ukisikia utani wa madereva wa zamani ujue ndani yake kuna ajali, tena mara nyingi utani wenyewe umebaki kuliko jina halisi la mtu, mimi huyu Nyutro nimemjua miaka arobaini na jina lake la kanisani nilikuja kulisikia kwenye harusi ya binti yake.

Nyutro mwenyewe anasema nieleze. Haya. Mwaka 1984 mafuta yalikuwa shida nchi nzima, dizeli ilikuwa dhahabu, mtu akiokoa lita ishirini safari moja alikuwa na mboga ya wiki. Sasa huyu bwana anatoka juu Ilula anashuka mlima Kitonga, kule Iringa, ana mzigo, akasema hapa si mteremko tu, akaitoa gia akaweka nyutro, gari ikawa inateleza yenyewe kimya, utingo wake anasema ilikuwa raha kama ndege. Kona ya kwanza akagusa breki. Ya pili akagusa. Ya tatu akaanza kusikia ile harufu, mnaijua? Ya lining'i, ile bitana ya breki, ikiungua, harufu kama ya mpira na nywele. Akaangalia geji ya upepo, ule unaosukuma breki, mshale unashuka, kila akikanyaga unashuka zaidi maana injini iko sailensa, inanguruma taratibu tu, kompresa haijazi kwa kasi anayotumia yeye. Kurudisha gia haingii, spidi imeshazidi, inakwaruza tu grrr. Akafanya jambo moja la akili siku hiyo, akailaza gari kwenye ukuta wa mlima badala ya upande wa korongo, ikasugua mwamba mpaka ikasimama, mlango wa kushoto wote ukabaki ukutani.

NYUTRO: Na kioo.

Na kioo, ndio. Basi kuanzia hapo dereva akiondoka parking kushuka mlima hatumwambii safari njema, tunamwambia "msalimie Nyutro". Na mimi nawahakikishia kuna watu wako hai leo kwa sababu walipoweka mkono kwenye gia walikumbuka hiyo salamu wakaona aibu. Wakenya wana sehemu yao inaitwa Salgaa, kule kupita Nakuru, mteremko mrefu wa kudanganya, magari makubwa yalikuwa yanaserereka pale kwa hilihili la kutoa gia mpaka wakajengewa ukuta wa zege katikati ya barabara. Mlima hauna uraia.

Wazee walitupa kanuni, gia utakayopandia ndo utakayoshukia. Siku hizi mna injini breki, mna ritada za kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, mna gia zinajibadilisha zenyewe, sikatai, lakini uzito haujajua kama kuna teknolojia mpya, wenyewe unashuka vilevile.

Sasa kupanda. Mwaka 1977 mimi utingo, umri miaka ishirini, gari Fiat na trela lake la kuvuta, tumebeba saruji ya Wazo tunapeleka Mbeya. Saruji vijana ni mzigo mbaya, haina huruma, mfuko kilo hamsini na ndani yake hakuna hewa kama pamba. Tumefika Mahenge chini ya Kitonga saa tisa mchana, suka wangu, marehemu sasa, mzee wa Kihehe mkali balaa, akazima redio, akanigeukia akasema "shuka na mkeo". Mkeo maana yake kigingi. Kipande cha mninga, kama urefu wa mkono huu, kimechongwa pembe tatu, kina kamba pembeni ya kukivutia. Kazi yako ni kutembea kwa miguu mlima mzima, ubavuni mwa tairi la nyuma, kigingi kinaburuzwa chini sentimita chache nyuma ya mpira, maana hizo gia za zamani unakanyaga klachi mara mbili, unatoa, unagusa pedali ya mafuta, unakanyaga tena, unaingiza, na akikosea hapo katikati gari inarudi nyuma. Haikupi hodi.

Tunapanda taratibu kuliko bibi anayekwenda kisimani. Moshi wote unaingia puani, lami ina joto linapenya ndala, na nasikiliza injini, sikuangalia kitu kingine, nilisikiliza tu, maana mlio ukishuka, ukawa kama mtu anayetaka kukohoa, unajua anabadilisha sasa hivi. Kona ya tatu au ya nne mlio ukakatika. Kimya. Alafu nikasikia "TIA!" na tairi limeshaanza kugeuka kuja kwangu, nikatupa kigingi, mpira ukakipanda, kikalia kaa! kama mfupa, ukasimama. Tani ishirini na kitu zimekaa juu ya kipande cha mti, na mimi nimesimama hapo magoti yanacheza. Suka akatoa kichwa dirishani akasema, "Mkeo mzima?" Nikasema mzima. "Basi mchukue twende." Hakusema asante, hakusema pole. Usiku parking Ilula akawasimulia wenzake, anacheka mpaka machozi, kwamba huyu mtoto alimkumbatia mkewe mbele za watu. Ndo ilikuwa cheti changu hiyo.

Na hao waliotufundisha nao walikuwa na wakubwa zao. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, alipotangaza uhuru wake wa kiujanja kule Rhodesia, Zimbabwe ya leo, Novemba 1965, Zambia ikakatiwa mafuta ya kusini, mafuta mengi yakabidi yatoke Dar na shaba nayo ikaanza kurudi Dar, na barabara yenyewe ilikuwa vumbi kiangazi na uji masika. Waliipa jina la Njia ya Jehanamu, na sikusikia mzee yeyote akisema jina limezidi. Walipakia mapipa ya mafuta, pipa la lita mia mbili, yanagongana njia nzima. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, halafu lami, halafu Wachina wakaleta reli, hiyo hapo inapita nyuma ya jengo lenu, walianza 1970 na 1976 wakakabidhi. Kila mara watu walisema malori basi, yamekwisha. Nendeni mpakani Tunduma leo mhesabu foleni.

Nikirudi kwenye uzito, hapa naomba mnisikilize vizuri maana hapa ndo vijana wanadanganyika. Shaba. Kuna anayeijua shaba? Ukipakia Ndola au huko Kongo, mpakani Kasumbalesa unavuka nayo, ni mabamba yamefungwa bando bando, bando moja tani mbili na zaidi. Sasa tani thelathini ya shaba ni kama bando kumi na mbili tu, kumi na nne, zimekaa sakafuni zinafika hapa, chini ya goti. Ukiangalia kutoka pembeni unaona trela tupu! Shemeji kuna mtoto pale Tunduma alimuuliza, babu mnarudi Dar hamjapata mzigo? (Kicheko.)

SHEMEJI: Nikamwambia tumebeba utulivu.

Hatari yake ni kwamba hata dereva macho yake yanamwambia yuko tupu. Anasahau. Anaingia kona kama yuko tupu. Na ile bamba ni laini, chuma juu ya chuma, ukipiga breki ya ghafla na hujafunga minyororo vizuri bando linateleza kuja mbele, na mbele ni kabini, na kwenye kabini ni wewe. Kwahiyo unafunga, unatembea kilomita hamsini, unasimama, unakaza tena, maana mnyororo unalegea. Uvivu wa kushuka kukaza mnyororo sitausema ulimchukua nani.

Alafu kuna kupanga. Mizani haipimi gari tu, inapima na ekseli, ile mihimili ya magurudumu. Semi ya ekseli sita: mbele tani 8, hosi, yaani kichwa kinachovuta, nyuma ekseli mbili tani 18, trela ekseli tatu tani 24, jumla 50. Unaweza ukawa na jumla nzuri kabisa, 49, na ukafungiwa, kwa sababu mpakiaji kasukumia bando mbili nyuma sana na trela lina 26 huku hosi nyuma ina 15. Hakuna kuomba msamaha, unapanga upya, na kupanga upya shaba bila forklifti... Shemeji jina lake limetoka hapo. Kila akifika mizani alikuwa anasema yule afande wa pale ni shemeji yangu, niachieni. Nchi nzima mashemeji! Tulihesabu wake kumi na moja.

SHEMEJI: Tisa.

Tisa. Kasema mwenyewe.

Kuna mambo madogo nayapitia haraka. Ukiharibikiwa, kata matawi weka barabarani mbali, sio hatua tano, mbali, mtu mwenye tani hamsini hasimami ghafla, na ukiondoka YATOE, nawaomba, tulitukanana sana kwa hilo. Indiketa ya kulia kwa mwenzako wa nyuma maana yake usipite kuna gari inakuja, ya kushoto pita, lakini usimpe mtu ruhusa ambayo usingejipa wewe. Mikumi usikimbize, mnyama haoni taa zako kama taa, na faini yake inauma. Simu wakati unaendesha nyie mnajua wenyewe, ingawa nakiri hilo grupu letu la WhatsApp ndo parking yetu ya sasa, asubuhi saa kumi na moja mtu keshaamkia "msalimie Nyutro", na Nyutro anajibu nimesalimika.

Haya, Kitunguu. Mwalimu ananionyesha saa, namaliza.

Mwaka 1991 natoka Zambia na shaba, nimeshuka Kitonga vizuri, naingia Ruaha Mbuyuni, na pale mnajua ni vitunguu pande zote mbili za barabara, magunia yamesimama kama askari. Na mimi nikaangalia nyuma, nikaona trela tupu. Mimi! Niliyetoka kuwaambia nyie msidanganyike na macho. Mama mmoja ana gunia ishirini anataka zifike Dar, hela nzuri, mkononi. Nikapakia. Tena nikazipanga nyuma kabisa, ili shaba isizichafue, akili hiyo. Nafika mizani fulani, siitaji, ekseli za trela zimezidi, afande ananiuliza hii shaba yako imeongezeka njiani? Usiku huo mimi na utingo wangu tulibeba gunia ishirini kichwani moja moja kuzirudisha nyuma kwenye kijiji, tukampa kijana mwenye pikapu azivushe, tukapima, tukapita, tukazisubiri mbele, tukapakia tena. Shingo iliuma wiki.

Nikafika Dar, nikashusha vitunguu Manzese alfajiri, nikafagia trela, nikamwagia maji, nikaenda yadi. Bosi akaja mwenyewe siku hiyo, mtu mpole tu, hajawahi kupaza sauti. Akazunguka gari. Akapanda juu ya trela, akainama kwenye bando la nyuma, akavuta pumzi. Alafu akaniita kwa upole akasema, "Njoo unisaidie. Hii shaba ya mwaka huu, mbona inanitoa machozi?"

NYUTRO: Na posho akakata.

Ya miezi miwili.

SHEMEJI: Na yule mama wa vitunguu, ulimpelekea hela yake yote?

Shemeji kaa chini bwana, chai imeshafika.