Viporo vya Oslo

REHEMA: Karibuni tena. Kaka Salim leo kaja na karatasi mbili mkononi, si kawaida yake.

SALIM: Barua hizi, dada. Zote za tarehe 9 Septemba 1993, siku 4 kabla Arafat, kiongozi wa PLO, chama cha ukombozi wa Palestina, na Rabin, waziri mkuu wa Israeli, hawajapeana mikono pale Ikulu ya Marekani kwenye kusainiwa makubaliano ya amani ya Oslo. Ya Arafat ina aya kadhaa: anaitambua haki ya Israeli kuishi kwa amani na usalama, anaachana na ugaidi, anaahidi kubadilisha vifungu vya hati ya PLO. Haya, shika ya Rabin.

REHEMA: Mbona sentensi moja?

SALIM: Isome.

REHEMA: Anaitambua PLO kuwa mwakilishi wa Wapalestina, na mazungumzo yaanze. Basi?

SALIM: Basi. Dola la Palestina umeliona humo? Huyu katambua nchi, yule katambua mtu wa kuongea naye.

REHEMA: Tumtendee haki mzee Arafat, lakini. Alikuwa uhamishoni Tunis, na baada ya kuegemea kwa Saddam wa Iraki kwenye vita vya Kuwait, fedha za nchi za Ghuba zikakatika. Mwenye njaa hapangi bei. Na Julai 1994 si alirudi Gaza, watu wakafurika barabarani?

SALIM: Hilo sibishi. Ugomvi wangu ni viporo. Jerusalemu, wakimbizi, makazi ya walowezi wa Kiisraeli kwenye ardhi ya Wapalestina, mipaka: yote yakasogezwa mbele kama mechi za ligi.

REHEMA: Na ubaya wa kiporo, wewe umekaa unasubiri tarehe, mwenzako anakusanya pointi.

SALIM: Ee! Walowezi wa Ukingo wa Magharibi, ukiacha Jerusalemu Mashariki, walikuwa kama 110,000 wakati wa kusaini. Leo wamepita 500,000.

REHEMA: Hawakukatazwa kujenga?

SALIM: Hakuna kifungu kilichosema waziwazi ujenzi usimame. Halafu mkataba wa pili wa Oslo, wa 1995, ukaukata Ukingo vipande A, B na C. C peke yake ni asilimia 60 hivi, na huko mwenye kauli ni jeshi la Israeli. Mkulima akitaka kuchimba kisima cha kukinga maji ya mvua, shamba la babu yake mwenyewe, aombe kibali. Kukipata ni kazi. Akichimba bila kibali, anasubiri buldoza.

REHEMA: Na ushuru wa forodha wa bidhaa za Wapalestina?

SALIM: Israeli inakusanya, kwa itifaki ya Paris ya 1994, kisha inaikabidhi Mamlaka ya Palestina, serikali ya Wapalestina iliyozaliwa na Oslo. Ikizuia, na imezuia mara kadhaa, mwalimu wa Ramallah anapokea mshahara nusu.

REHEMA: Ila Rabin naye aliuawa Novemba 1995, tena na Mwisraeli mwenzake aliyeyapinga makubaliano. Na Hamas, kundi la Wapalestina lililoyapinga pia, walikuwa wanalipua mabasi. Usiitwishe karatasi kila kitu.

SALIM: Siitwishi kila kitu. Nashika tarehe tu. Kipindi cha mpito kilikuwa cha miaka 5, kiishe Mei 1999.

REHEMA: Mei 1999? Nilikuwa darasa la tatu.

SALIM: Na Mamlaka ya Palestina mpaka leo ni ile ile ya mpito.