Kyrgiakos, kisiki mwenye mkia wa nywele

Ndiyo, leo tena ni Sotirios Kyrgiakos, Soto, yule beki wa kati wa Ugiriki, anayetaka kucheka acheke saa hizi amalize. Kila nikimtaja lazima mtu adakie, "si yule mbabe wa Liver, yaani Liverpool, aliyemuumiza Fellaini wa Everton?" Haya, tuanzie hapohapo maana naona hamtanisikiliza mpaka hilo liishe.

Dabi ya Merseyside, Liver na Everton, Februari 2010, Anfield, nyumbani kwa Liver. Mpira uko katikati hauna mwenyewe, Soto karuka miguu yote miwili, Fellaini naye kaja mguu juu, refa Martin Atkinson kachomoa nyekundu na kipindi cha kwanza hakijaisha. Kadi halali kabisa, sibishi, miguu miwili ni miwili. Ila rudini mkaangalie marudio taratibu, daluga la Fellaini limeshukia wapi? Mguuni kwa Mgiriki! Halafu Fellaini ndo akaumia mwenyewe, msimu ukaishia pale. Na hili hamlisemi kabisa: Liver wakiwa kumi walishinda 1-0, kona ya Gerrard, Kuyt kamalizia. Mtu anakumbuka kadi, matokeo kasahau.

Sasa kuna wanaosema beki wa aina hii nguvu tu, mpira hajui. Jamani. Nguvu bila kusoma mchezo unakula nyekundu kila wiki, nani atakununua? Liver walimchukua kutoka AEK Athens Agosti 2009, beki wao Hyypia ameshaondoka, kwa hela isiyofika hata robo ya waliyomwaga kwa kiungo Aquilani kiangazi kilekile, na Aquilani alifika mgonjwa, mguu haukanyagi! Huyu wa bei ya kutupa akaambiwa ingia kacheza, akaingia. Nani alikuwa hasara hapo? Au ndo mnapenda mabeki wanaonukia?

Kinachoniuma mimi ni Euro 2004. Ugiriki inabeba kombe Ureno, mechi za mtoano zote imeshinda 1-0, yaani mashindano ya mabeki kabisa, yameandaliwa kama kwa ajili yake, na yeye nje, majeruhi. Kijana wa Panathinaikos, miaka 24. Beki mwenzake Dellas anafunga nusu fainali dhidi ya Czech, Dellas anakuwa shujaa, Soto anaangalia. Mwingine angenuna mpaka leo.

Yeye Januari 2005 kaenda Rangers ya Skotlandi. Machi, fainali ya Kombe la Ligi uwanja wa Hampden, Motherwell kala 5-1, beki wa kati kafunga mawili. Mawili! Najua mtakuja na "ah, Skotlandi ligi ya bonanza." Sawa, nenda wewe ukaruke kichwa na wale jamaa wa Glasgow halafu urudi na meno yako tuongee. Mwezi Mei wakachukua na ubingwa siku ya mwisho, Celtic kafungwa na haohao Motherwell dakika za jioni, helikopta iliyobeba kombe ikageuziwa njia angani iwafuate Rangers. Mnaijua hiyo, siirudii.

Naona mwenyekiti ananionyesha saa. Klabu zake nyingine basi, Frankfurt, na Wolfsburg, na Sunderland kwa mkopo, tunaruka. Kombe la Dunia 2010 alikuwemo, Ugiriki ikaifunga Nigeria 2-1, ushindi wao wa kwanza kabisa kule, nilitaka niiseme vizuri lakini muda huo haupo.

Haya maswali. Wewe wa nyuma, ila kama ni Fellaini kaa chini.