Pale Ng'ombe Wanapojikinga na Upepo

Asanteni, kaeni. Nimepewa dakika ishirini nizungumzie sera na misaada ya serikali kwa miradi midogo ya umeme wa upepo. Walionisikia mwaka jana wanajua naanzia wapi. Wavumilie, maana naanzia palepale.

Kuna shule upande wa Makambako, jina naliacha. Wafadhili waliipa mtambo wa upepo wa kilowati 1. Nikaitwa fundi. Nilipofika nguzo ilikuwa imeshasimikwa, mita 6, nyuma ya bweni, kando ya mstari wa mikaratusi. Sikuuliza kitu. Nikafunga mapanga, nikaunga waya hadi kwenye betri, nikachukua posho yangu. Kwa hiyo kosa hili na mimi nimo, msidhani nawasema wenzangu tu.

Siku ya uzinduzi mgeni rasmi akakata utepe, kwaya ikaimba, mtambo ukanyamaza. Makambako, jamani, mahali upepo unapokuvua kofia! Mwalimu mmoja akachukua ufito, akajificha nyuma ya nguzo, akalisukuma panga moja ili picha ipigwe. Ikapigwa. Imetundikwa ofisini mpaka leo, na ukiiangalia vizuri utauona ule ufito.

Watu walipokwenda kula pilau, mzee mlinzi akanivuta pembeni. "Fundi, hamkuuliza? Hapo ndipo ng'ombe wanapokuja kujikinga na upepo." Kisha akaninyooshea kidole kilima kilichokuwa ng'ambo ya shamba la shule: "Kina mama wanapepetea maharage kule."

Sisi wataalamu tuna neno letu, upembuzi yakinifu, yaani kuchunguza kwanza kama mradi utafaa. Tunalipenda sana, tunaliandikia bajeti. Lakini kupembua ni kazi ya ungo! Kina mama wale walikuwa wakipembua kwelikweli juu ya kilima, na sisi tuko bondeni na makabrasha.

Ule mtambo ulizunguka kwa kubahatisha. Upepo unaopita kwenye miti haunyooki, unajisokota, unalipiga panga huku na huku. Mwezi wa saba beringi zikaanza kugonga. Leo ile nguzo imening'inizwa rimu ya gari, ndiyo kengele ya shule. Angalau inafanya kazi kila siku.

Sasa hesabu kidogo, msikimbie. Nguvu ya upepo inakwenda na kasi mara kasi mara kasi. Nne mara nne mara nne ni 64. Tano mara tano mara tano ni 125. Umeongeza mita 1 tu kwa sekunde, nguvu imekaribia kuwa maradufu. Mapanga yanayochora duara la kipenyo cha mita 3, kwa upepo wa mita 4 kwa sekunde, yatakupa wati 70 hivi. Kwa mita 5, karibu 140. Na ile kilowati 1 iliyoandikwa kwenye boksi? Ni kwa upepo wa mita 11 au 12 kwa sekunde. Upepo wa namna hiyo ukivuma mfululizo, hutafuti umeme tena, unatafuta bati lako limeangukia kwa nani.

Kwa hiyo mtambo huohuo, bei ileile, fundi yuleyule, unaweza kuwa mali au kengele, kutegemea umeusimika wapi na juu kiasi gani. Kanuni ya mafundi ni kwamba ncha ya chini ya panga ipite kwa mita 10 hivi juu ya kila kitu kilicho ndani ya mita 150. Mti unakua, nyie! Upigie hesabu ya miaka kumi ijayo.

Naona kijana ameshika simu, anataka kuniambia ramani ya upepo ya dunia ipo mtandaoni, tena bure. Ipo, naitumia, ni nzuri. Lakini inasoma kwa mraba wa mita 250. Ndani ya mraba huo limo bweni, imo mikaratusi, kimo kilima cha kina mama na wamo ng'ombe. Ramani itakwambia uende Makambako au Singida. Haitakwambia kama ni mbele au nyuma ya bweni.

Mwingine atasema: mzee, sola imeshuka bei, upepo wa nini? Kweli kabisa. Sehemu nyingi za nchi hii ningekwambia nunua sola, kalale. Haina beringi. Lakini nenda nyanda za juu wakati wa ukungu uone paneli zinavyonuna. Pale Mufindi, mradi wa Mwenga ulianza na maji, megawati 4. Kiangazi maji yanapungua, na upepo wa kule ndio unapanda. Wakaongeza mitambo mitatu ya upepo, megawati 2.4 kwa jumla, ikaanza kazi 2020. Hawakuweka kwa sababu upepo ni mtindo. Walijua unavuma miezi gani.

Sasa sera. Mnanililia kila mara kwamba sheria inabana. Sheria haibani hivyo! Sheria ya Umeme ya Tanzania ya 2008 haimdai leseni mwenye mradi usiozidi megawati 1, anajiandikisha EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. 2018 zikaja kanuni za mita inayohesabu umeme unaochukua na unaorudisha kwenye gridi. Jirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Nishati ya 2019, ukizalisha kwa matumizi yako mwenyewe hadi megawati 1 hudaiwi leseni. Mlango uko wazi. Kinachokosekana ni mtu wa kukwambia kama nyuma ya mlango kuna upepo.

Marekani, majimbo kama Virginia, Utah na Idaho yalikuwa na mpango wa kuazima vipima-upepo. Mkulima anaomba, anasimamishiwa mlingoti shambani, wa mita 20 hivi, unakusanya takwimu mwaka mzima, kisha unahamishiwa kwa jirani. Akikuta hana upepo, ameokoa fedha zake. Mwaka mzima, nasisitiza, maana kusi si kaskazi, na wiki moja ya Agosti ni uongo mtupu.

Hilo ndilo ninaloomba kwa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, kila nikipewa kipaza sauti. Msitugawie mitambo, tuazimeni milingoti. Milingoti michache kwa mkoa wenye upepo, takwimu ziwekwe hadharani. Watu wa Hali ya Hewa tayari wanapima kwenye vituo vyao kwa mita 10, ziunganishwe.

Nilikuwa na mengine. Ruzuku: New York waliwahi kuihesabu kwa uniti zinazotarajiwa kwa mwaka, si kwa ukubwa wa jenereta, na ukilipwa hivyo hutasimika nyuma ya mikaratusi. Kenya 2021 waliutoa upepo kwenye bei maalumu ya kuuzia umeme kwenye gridi wakaupeleka kwenye mnada, na mdogo kwenye mnada mnajua anavyofanywa. Kodi ya vipuri. VETA na mafundi wa kupanda nguzo. Naona mwenyekiti ananionyesha vidole viwili, hayo yote siku nyingine.

Hiki mezani ni kipima-upepo changu, kinaandika chenyewe kila dakika kumi, betri nimebadilisha jana. Anayetoka kijiji chenye kilima cha kupepetea akichukue, aandike jina na namba kwenye daftari pale mlangoni. Nakihitaji baada ya mwaka. Na tafadhali, asikifunge kwenye bati la nyumba.